Tuambieni lipi ni amri ya Bwana na lipi ni shauri lenu: barua ya wazi kwa wachungaji na wazee wa kanisa

Kwa maaskofu, wachungaji, mitume, manabii na wazee wa makanisa yetu,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia kama mshirika wa kawaida. Sina cheo kanisani, sijawahi kuwekewa mikono, wala siitafuti nafasi ya mtu. Naimba kwaya, natoa sadaka, na watoto wangu wamelelewa humo humo. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua barua za namna hii zinavyopokewa: kabla ya kuulizwa amesema nini, huulizwa ametumwa na nani. Sijatumwa na mtu. Nina ombi moja tu. Kila mnapotuagiza jambo, tuambieni wazi kama ni amri ya Bwana au ni shauri lenu. Na likiwa ni shauri lenu, tuacheni tulipime bila kutishwa.

Mbele yangu ipo karatasi ya kanuni za washirika wa kanisa moja ambalo sitalitaja, maana karatasi kama hiyo ingeweza kutoka katika makanisa mengi. Imechapwa pande zote mbili, na kila mshirika mpya huisaini mbele ya mzee. Kanuni ya tatu inakataza uzinzi. Ya nne inakataza mwanamke kuvaa suruali. Ya tano inakataza wizi na uongo. Ya sita inasema mshirika asihudhurie ibada ya kanisa lingine bila ruhusa ya mchungaji. Ya saba ni fungu la kumi, na pembeni yake mtu ameongeza kwa kalamu: "na malimbuko". Hakuna andiko lililotajwa popote, na hakuna kinachoitenganisha ya tatu na ya nne. Adhabu ya zote ni moja, kutengwa na Meza ya Bwana. Sasa mtu aliyeokoka juzi, ambaye bado anatafuta kitabu cha Habakuki kiko wapi, atajuaje kwamba moja ya kanuni hizo iliandikwa kwenye mbao za mawe pale Sinai na nyingine ilipitishwa kwenye kikao cha Jumamosi jioni?

Sikipingi kikao cha Jumamosi. Kanisa lisilo na utaratibu huwachosha watu wake, na wazee wana haki kabisa ya kupanga saa ya ibada, nani aongoze sifa, fedha zihesabiweje, hata mavazi ya kwaya. Kisicho haki yao ni kuchukua uamuzi wa kikao, kuugonga muhuri wa Mungu, kisha kumwambia mtu kwamba asipoufuata atakosa mbingu.

Paulo alikuwa mtume. Alimwona Bwana, alianzisha makanisa, na viboko alivyochapwa aliviorodhesha mwenyewe. Kama kuna mtu aliyeweza kusema "nimesema, basi", ni yeye. Lakini someni taratibu sura ya saba ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho muone anavyopima kila neno. Kwa waliooana anasema anaagiza, "wala hapo si mimi, ila Bwana". Mistari miwili mbele anawageukia wengine: "nawaambia mimi, wala si Bwana". Akifika kwa wanawali anasema hana amri ya Bwana, anatoa shauri lake. Kisha anaeleza sababu ya kuwa mwangalifu hivyo: "Nasema hayo niwafaidie; si kwamba niwategee tanzi." Aliamini kwamba shauri lake ni jema, tena anasema hapo hapo kwamba anadhani yeye naye ana Roho wa Mungu. Hata hivyo hakuligeuza kuwa amri. Alijua kwamba shauri jema likivalishwa joho la amri hugeuka kitanzi shingoni mwa mtu mnyofu. Mkaidi hatalijali, wala halitamwumiza. Mwenye moyo laini ndiye atakayekaa macho usiku akijiuliza kama Mungu amemkataa.

Ningependa kusikia mahubiri ya namna hiyo Jumapili moja. Mchungaji asimame aseme: "Hapa nina neno la Bwana, sikilizeni. Na hapa ninawashauri kama mtu mzima aliyeona mengi, mkaombe, mkaamue." Sioni kama heshima yake itapungua hata kidogo. Mimi binafsi ningemsikiliza zaidi.

Kanisa la kwanza lilikutana na jambo hili mapema sana. Yapata mwaka 49 mitume na wazee walikutana Yerusalemu kwa sababu baadhi ya waamini walikuwa wakiwafundisha watu wa mataifa kwamba wasipotahiriwa hawawezi kuokoka. Tukumbuke kwamba watu hao hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na Maandiko mkononi, na tohara ilikuwa imeamriwa kweli katika Mwanzo 17, tofauti na kanuni nyingi za leo ambazo hazina hata nusu mstari wa kuegemea. Lakini Petro akasimama akauliza: "Basi sasa mbona mnamjaribu Mungu, na kuweka kongwa juu ya shingo za wanafunzi, ambalo baba zetu wala sisi hatukuweza kulichukua?" Barua iliyotoka kwenye mkutano ule ni fupi, unaimaliza kwa dakika moja. Kipimo chake ni kwamba wasitwikwe "mzigo ila hayo yaliyo lazima". Wale walikuwa mitume, Roho Mtakatifu akiwa pamoja nao, na mjadala ulikuwa mkali. Walipomaliza waliandika mambo manne tu. Makanisa mengine leo hutoa maagizo zaidi ya hayo katika matangazo ya Jumapili moja.

Uhuru huo haukuwa ukaidi. Paulo huyo huyo alikataa katakata Tito atahiriwe, kwa sababu kulikuwa na watu waliojipenyeza ili kuupeleleza uhuru wa waamini na kuwatia utumwani. Baadaye akamtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile. Tendo ni lile lile, naye mara moja analikataa na mara nyingine analifanya kwa mkono wake. Kwa Tito walitaka tohara iwe sharti la wokovu. Kwa Timotheo ilikuwa njia ya kuwafikia watu. Ndiyo maana hamtanisikia nikidai kwamba kila mwanamke lazima avae suruali ili kuonyesha kwamba yuko huru. Dada anayependa kuvaa gauni refu na kufunika kichwa kwa heshima ya Bwana wake, Mungu ambariki. Akiambiwa kwamba gauni ndilo litakalompeleka mbinguni, hapo Paulo angegoma kama alivyogoma kwa Tito.

Najua mtaniletea neno "kukwaza". Hilo ndilo hutajwa kila mshirika anapouliza habari za uhuru: usivae, usiseme, usiende, utamkwaza ndugu yako. Neno hilo ni la kweli na ni zito. Paulo alisema kwamba kama chakula kinamkosesha ndugu yake, hatakula nyama hata milele. Lakini tazameni ni nani aliyehofiwa kukwazwa katika Wakorintho na Warumi. Ni mtu dhaifu, aliyetoka juzi kwenye sanamu, ambaye akimwona mwenzake akila ataiga huku dhamiri yake ikimshitaki, naye aangamie. Kukwazwa kule ni kuvutwa kutenda unachoamini kwamba ni dhambi. Siku hizi anayelalamika kwamba amekwazwa mara nyingi ni mzee aliyekaa kanisani miaka mingi, mwenye kiti cha mbele na kura kwenye kikao, ambaye hana mpango wowote wa kutoboa masikio wala kupaka rangi ya kucha kwa sababu amemwona binti fulani amefanya hivyo. Huyo hajakwazwa. Amechukizwa, na kuchukizwa ni jambo jingine. Tukiruhusu kila kuchukizwa kuitwe kukwazwa, kanisa zima litaongozwa na mwenye hasira kuliko wote. Paulo aliuliza swali linalomfaa: "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine? Kwa bwana wake mwenyewe yeye husimama au huanguka."

Liko andiko lingine linalotumika kutunyamazisha, nalo ni hili: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Mshirika akiuliza matumizi ya fedha za ujenzi, anasomewa andiko hilo. Mzazi akihoji kwa nini binti yake alikuwa ofisini kwa mchungaji usiku, anasomewa hilo hilo. Fungueni Zaburi ya 105 mwone linamhusu nani. Linawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakati walipokuwa watu wachache, wageni wasio na ardhi, wakitangatanga toka taifa hata taifa. Mungu aliwakemea wafalme kwa ajili yao. Yaani ni andiko la kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye enzi, sisi tumeligeuza likamlinda mwenye enzi dhidi ya mnyonge anayeuliza.

Mnatutajia pia Daudi, kwamba hakunyosha mkono wake juu ya Sauli. Ni kweli, hakumwua. Lakini alitoka pangoni, akapaza sauti mbele ya jeshi zima, akamwonyesha pindo la vazi alilolikata, akamwambia kwamba anamwinda bila kosa, na kwamba Bwana ndiye atakayeamua kati yao. Kama huko siyo kumhoji mpakwa mafuta hadharani, basi sijui kuhoji ni nini. Petro naye, nguzo ya kanisa, alipoanza kujitenga na watu wa mataifa mezani kule Antiokia kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo, ndugu yake Bwana, Paulo alimkemea mbele ya wote. Petro hakumlaani Paulo, hakumwambia kwamba huduma yake itakauka. Na Yohana anawaandikia waamini wote, watoto na vijana wakiwemo: "Nanyi mmepakwa mafuta na Yeye aliye Mtakatifu." Kwa hiyo kama suala ni mafuta, sisi sote tumepakwa.

Sasa nije kwenye sadaka, ambako nitakaa kidogo maana ndiko kunakoumiza wengi.

Sijawahi kuona tatizo kutoa. Mtu aliyefanywa huru na Kristo hutoa, na mara nyingi hutoa kupita kiasi. Paulo anasimulia jinsi makanisa ya Makedonia yalivyotoa katikati ya umaskini mkubwa, tena kwa hiari yao wenyewe. Lakini aliwaambia Wakorintho kwamba kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Kadi ya ahadi inaposomwa hadharani jina kwa jina na kiasi kwa kiasi, hiyo ni lazima. Mjane anapoambiwa kwamba ugonjwa wa mwanawe hauponi kwa sababu hajapanda mbegu, hiyo ni lazima na huzuni vyote pamoja. Mtu anapohimizwa kukopa ili atoe sadaka ya kujimaliza, na wakati wa kulipa deni mhimizaji haonekani, sijui hiyo tuiite nini.

Mara nyingi hapo huletwa Anania na Safira, ili watu waogope. Mkilileta mimbarini simulizi hilo, lisomeni lote. Petro alimwuliza Anania: kiwanja kilipokuwa kwako, hakikuwa mali yako? Na kilipokwisha kuuzwa, fedha hazikuwa katika uwezo wako? Maana yake Anania angeweza kubaki na kiwanja. Angeweza kuuza na kutoa nusu, akasema wazi kwamba ni nusu. Hakuna aliyemdai chochote. Aliadhibiwa kwa kumdanganya Roho Mtakatifu, akitaka sifa ya kutoa vyote huku ameficha sehemu. Simulizi ambalo katikati yake mtume anatetea haki ya mtu juu ya mali yake, limefanywa fimbo ya kuchukulia mali hiyo.

Wakristo wa mwanzo walikuwa macho katika hili kuliko sisi. Katika Didake, mafundisho ya kale ambayo wataalamu wengi huyaweka kati ya mwisho wa karne ya kwanza na mwanzo wa karne ya pili, waamini wanaambiwa kwamba mtume apitaye akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala, na akiomba fedha ni nabii wa uongo. Wanaambiwa pia kwamba mtu akisema katika roho "nipeni fedha", wasimsikilize. Lakini akiomba kwa ajili ya wahitaji wengine, mtu asimhukumu. Wale walikuwa washirika wa kawaida kama mimi, na walipewa ruhusa, tena walipewa wajibu, wa kumpima mtumishi. Hakuna aliyewaambia kwamba wanashindana na upako.

Kuna mawili ambayo siwezi kuyapita, ingawa ningependa. La kwanza ni unabii unaowaoza watu. Binti anaambiwa mbele ya kusanyiko kwamba Bwana amesema mumewe ni fulani, na fulani huyo mara nyingine ni mtu wa karibu na nabii. Biblia inasema mjane yu huru kuolewa na mtu yeyote amtakaye, "katika Bwana tu". Amtakaye yeye, siyo nabii. La pili ni dawa. Watu wenye kisukari, kifafa na virusi vya UKIMWI wanaambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani, wanaacha, kisha sisi tunaimba kwenye mazishi yao. Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia kwamba imani yake imepungua. Ombeeni wagonjwa, nami nitaitikia amina kwa sauti. Lakini anayemwambia mtu aache dawa kwa jina la Bwana, na Bwana hakusema, amebeba damu ya mtu.

Najua hofu yenu, na siidharau. Mnaogopa kwamba mkiwaachia watu, watapotea. Mmewazika vijana waliokufa kwa ulevi, mmepatanisha ndoa usiku wa manane, na mnaona kwamba bora uzio mrefu kuliko kaburi. Hofu hiyo ina chembe ya upendo ndani yake. Lakini Paulo alishaujaribu uzio huo na kutuachia matokeo. Anazitaja kanuni za watu, "Msishike, msionje, msiguse", anakubali kwamba zinaonekana kuwa na hekima, zinaonekana kama unyenyekevu na kuutawala mwili kwa ukali, kisha anamalizia: "lakini hayafai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili." Yaani hazifanyi hata ile kazi mliyozitungia. Tuseme kweli, makanisa yenye kanuni nyingi kuhusu mavazi hayajapungukiwa na uzinzi. Uzinzi umejifunza tu kuvaa gauni refu.

Na uhuru ninaouzungumzia siyo wa kila mtu kufanya atakalo. "Maana ninyi, ndugu, mliitwa mpate uhuru, lakini uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo." Anayetumia uhuru kumtelekeza mkewe hajawa huru, amebadilisha bwana tu. Mwaka 1520 Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, aliandika juu ya uhuru wa Mkristo akaweka mambo mawili bega kwa bega: Mkristo ni bwana huru juu ya vyote, hayuko chini ya mtu, na Mkristo ni mtumishi wa wote, yuko chini ya kila mtu. (Andiko hilo alilituma pamoja na barua ya wazi kwa Papa Leo wa Kumi, kwa hiyo mjue kwamba barua kama hii haikuanzia kwangu.) Hoja yake ni kwamba kwa kuwa wokovu wangu umekwisha kulipwa, sihitaji kumtendea jirani wema ili nijinunulie mbingu. Naweza kumsaidia kwa sababu anahitaji msaada, basi. Anayehesabu thawabu hawezi kumwona jirani vizuri. Macho yake yako kwenye daftari.

Lakini huyo huyo Luther ananipa sababu ya kuwaonya upande wa pili. Mwaka 1525 wakulima wa kusini mwa Ujerumani, katika madai yao 12 yaliyoandikwa katika mji wa Memmingen, walisema kwamba Kristo amewakomboa wote kwa damu yake, mchungaji wa mifugo sawasawa na mwenye cheo kikubwa, kwa hiyo si haki wamilikiwe kama mali ya mtu. Luther aliwajibu kwamba wanaugeuza uhuru wa Kikristo kuwa jambo la mwili, na vita vilipowaka akawahimiza watawala wawapige bila huruma. Maelfu kwa maelfu waliuawa. Mwaka 1667 baraza la kutunga sheria la koloni la Virginia liliamua kwamba ubatizo haubadilishi hali ya mtumwa, likaeleza kwamba mabwana wakiondolewa wasiwasi huo watakuwa tayari zaidi kueneza Ukristo. Na mwaka 1807 ikachapwa London Biblia ya kutumiwa na watumwa wa visiwa vya Karibi, ambayo simulizi la Waisraeli kutoka Misri lilikuwa limeondolewa.

Kila mara hoja ilikuwa ile ile: uhuru wa Kristo ni wa rohoni, msiulete huku chini. Nami naisikia hoja hiyo kanisani leo, kwa sauti ya upole zaidi. Mfanyakazi wa kanisa asiyelipwa mshahara miezi mingi anaambiwa kwamba anamtumikia Mungu. Mke anayepigwa anarudishwa nyumbani akanyenyekee, eti amepewa uhuru wa moyoni. Filemoni alipopokea barua ya Paulo juu ya mtumwa wake Onesimo, hakuambiwa ampende moyoni na kumwacha alivyo. Aliambiwa ampokee "tokea sasa si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa". Tena aliambiwa kwa kuombwa, ingawa Paulo alisema angeweza kumwagiza, kwa sababu alitaka wema wake uwe wa hiari. Katika ukurasa mmoja mna uhuru wa mtumwa na uhuru wa bwana wake, vyote viwili vimeheshimiwa. Sijui barua nyingine ya kichungaji iliyofika hapo.

Wanateolojia waliokutana Westminster, Uingereza, waliandika katika ungamo lao la mwaka 1646, sura ya 20, kwamba Mungu peke yake ndiye Bwana wa dhamiri, na kwamba kudai utii wa upofu ni kuuharibu uhuru wa dhamiri, na akili pia. Sura hiyo hiyo mwishoni iliwapa watawala wa nchi nguvu ya kuwaadhibu wanaokiuka mafundisho fulani, na Wapresbiteri wa Marekani walikuja kulifuta neno hilo mwaka 1788. Waliotangulia walijua kanuni, ikawachukua muda mrefu kuiamini. Sishangai basi kwamba nasi tunajikongoja.

Niseme ninachoomba hasa. Chukueni karatasi zenu za kanuni. Penye amri ya Mungu andikeni andiko. Penye utaratibu wa kanisa andikeni kwamba ni utaratibu, nani aliupitisha na lini, na mshirika afanyeje akitaka ubadilishwe. Penye shauri andikeni kwamba ni shauri, na adhabu iondoke. Meza ya Bwana isitumike kamwe kumwadhibu mtu kwa kuuliza swali. Meza hiyo ni ya Bwana, na usiku ule aliketi nayo hata Yuda. Hesabu za fedha zisomwe kwa washirika wote. Na mashitaka juu ya mchungaji yakija kwa mashahidi wawili au watatu, yasikilizwe na watu ambao hawali kwake, maana Paulo alimwagiza Timotheo kwamba wazee wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Agizo hilo halina tafsiri ya kuhamishiwa usharika mwingine kimya kimya.

Acheni pia kuwalaani wanaoondoka. Mtu akihamia kanisa lingine, mwombeeni, mpeni barua ya utambulisho, mwagane naye. Kumwambia kwamba akitoka nje ya madhabahu yenu atakauka, ndoa itavunjika na biashara itakufa, ni kumrudishia ile roho ya utumwa iletayo hofu ambayo Warumi 8 inasema hatukuipokea. Nimewaona watu wazima, wasomi, wakitetemeka kwa sababu wamekosa ibada ya katikati ya wiki. Hawakumwogopa Mungu. Walimwogopa mtu mwenye kipaza sauti.

Mwisho, wapo ndugu waliotengwa kwa sababu ya kuuliza. Mnawajua kwa majina: yule aliyeomba taarifa ya fedha, yule dada aliyekataa kuolewa na aliyetabiriwa, yule kijana aliyekwenda kusali kwingine mara mbili. Baadhi wamehama, baadhi hawasali popote. Naomba kabla ya Meza ya Bwana ijayo wazee wawili wawili waende kwao nyumbani, wawasikilize mpaka mwisho, na kama walitengwa pasipo andiko, waambiwe hivyo mbele ya kanisa lile lile lililosikia wakitengwa.

Ndugu yenu katika Kristo,
mshirika wa kawaida